Ulimi wa Mizani

Ofisi ya chama iko juu ya tanuri la akina Pijuan,
ngazi ishirini na mbili, balbu moja,
na kila hoja tuliyowahi kuijadili
ilinukia mkate.
Tulikuwa wanachama kumi na tisa. Siku za mvua, saba.

Wasemao husema njia mbili zilimshinda fisi.
Sisi tulikodi chumba papo hapo kwenye njia panda,
tukalipia umeme, tukabandika ilani:
*Katalunya ni nyumba yetu, tunataka ufunguo wake,
lakini hatuoni haja ya kumtemea jirani mate dirishani.*
Ndefu mno kwa bango.
Vyama vikubwa vilikuwa na neno mojamoja,
ndiyo,
la,
nayo yalienea vizuri kifuani mwa fulana.

Mollerussa, mwezi wa pili. Ukungu wa bondeni
ulikaa siku kumi na moja bila kuinua pindo.
Nilipita mlango kwa mlango na vipeperushi vilivyolowa.
Mlango wa kwanza: kibaraka wa Madrid.
Mlango wa pili: mvunja nchi.
Ghorofa ileile, milango inatazamana,
nami nimesimama katikati
juu ya kizulia cha kufutia miguu
ambacho hata hakikuwa cha mtu.

Orodha ilidai majina kumi na tano.
Tulipofika la kumi na moja pumzi zilikata;
Eudald akamwandika shemeji yake, fundi matairi,
bila kumwamsha.
Remei, mweka hazina, alijiandika wa saba.
"Saba haina madhara," alisema.
"Saba haichaguliwi."

Remei Casademont huuza dengu na zeituni sokoni.
Mizani yake ni ya shaba, urithi wa babu:
sahani mbili, na katikati ulimi mwembamba kama sindano.
"Utazameni," alituambia kikao cha kwanza,
"hauna uzito wowote. Lakini bila huo
nani atajua nani anamwibia nani?"
Tukaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu.
Ndiyo itikadi yetu yote.
Na kwa Kikatalani, ulimi na lugha ni neno moja,
kwa hiyo hatukuona cha kuongeza.

Usiku wa kura nilikaa darasani, shule ya msingi,
kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu,
ukutani picha za majani ya vuli na majina ya waliyoyachora.
Mji mzima: mia moja arobaini na tatu.
Wakala wa chama kikubwa alinisogezea kahawa yake.
Kushindwa sikukusikia.
Kahawa ile ndiyo iliyoniuma.

Zikabaki karatasi za kura elfu tisa,
maboksi sita kwenye ngazi,
na Pijuan anakitaka chumba chake aweke unga.
Eudald akasema tuzichome.
Remei akasema karatasi ni karatasi.

Siku ya soko akazikunja mojamoja mfano wa pia,
akazijaza dengu, ulimi wa shaba
ukitetemeka, ukitetemeka, ukitulia.
Wakabeba wote: wa ndiyo, wa la,
mke wa meya, kijana mwenye bendera ya nyota mabegani.
Chama chetu kiliingia kila jiko la Mollerussa
kikiwa na vumbi la dengu kwenye mikunjo.

Karibu na adhuhuri akarudi Bonaventura,
yule wa mlango wa pili,
ameikunjua karatasi, miwani juu ya paji.
"Huyu wa saba," akauliza, "ndiye wewe?"
"Ndiye mimi."
Akasoma tena, midomo ikicheza.
"Sikujua."
Nyuma yake foleni ikakohoa.
"Basi nipimie robo nyingine," akasema.
"Na usinipunje."